Nani Afanye Nini, Lini? Hotuba kuhusu kuieleza sera ikaeleweka

(Hotuba hii ilitolewa mbele ya maafisa mawasiliano, watafiti na wachoraji wa takwimu. Inawekwa hapa yote kwa ajili ya wale ambao hawakuweza kufika.)

Mwenyekiti, waheshimiwa wageni, ndugu zangu maafisa mawasiliano, ndugu watafiti, na ninyi wachoraji ambao huitwa dakika ya mwisho kazi ikiwa imeshaharibika: itifaki imezingatiwa.

Nimeombwa nizungumzie namna ya kuieleza sera ya umma kwa maandishi, kwa hadithi na kwa picha. Mada ni pana, nami nina jambo moja tu la kusema juu yake. Sera ikishindikana kuelezeka, tusikimbilie kumlaumu mwandishi. Mara nyingi sera haielezeki kwa sababu haijaamuliwa. Kuna pengo mahali fulani, wakubwa wamelipita kimyakimya, kisha mwandishi anapewa rasimu na kuambiwa, "Hebu itengeneze, isomeke vizuri."

Nani humu ndani hajawahi kuambiwa hivyo? Naona mnatazamana.

Basi tuanze na maandishi. Naomba mnisikilize niwasomee sentensi moja. Nimeitunga mwenyewe, lakini ndugu zake wamejaa katika makabati ya ofisi zenu:

"Ili kuimarisha upatikanaji wa huduma ya maji kwa kushirikiana na wadau mbalimbali, kutawekwa mazingira wezeshi yatakayohakikisha kwamba kaya stahiki zinanufaika na mpango wa ruzuku kwa kadiri ya taratibu zitakazoainishwa."

Inasikika vizuri, sivyo? Ina heshima zake. Unaweza kuisoma mbele ya waziri na hakuna atakayenyanyua kichwa. Sasa tuiulize maswali. Kutawekwa: na nani? Wadau: wepi? Kaya stahiki: ipi hiyo, na ipi si stahiki? Ruzuku ni kiasi gani, na je, fedha inakwenda kwa mwenye kaya au kwa mamlaka ya maji? Taratibu zitaainishwa lini? Sentensi ina maneno zaidi ya ishirini, na mtu mwenye ndoo mkononi hajui kama inamhusu.

Nikajaribu kuiandika upya: "Kuanzia mwezi Julai, wizara italipa nusu ya bili ya maji ya kila nyumba inayotumia maji kidogo kuliko kiwango kilichowekwa. Huna haja ya kuomba. Punguzo utaliona kwenye bili yako."

Hii inaeleweka. Lakini angalieni kilichotokea. Nilipofika kwenye neno "nyumba" nilikwama. Kuna nyumba yenye wapangaji sita, mita moja. Matumizi yao kwa pamoja yatavuka kiwango, kwa hiyo hawapati kitu, hali wao ndio maskini. Jirani yao anaishi peke yake ndani ya geti, hutumia maji kidogo, anapata punguzo. Je, hiyo ndiyo sera? Au ni kosa? Ile sentensi ya kwanza isingenionyesha tatizo hili hata ningeisoma mara mia. "Kaya stahiki" lilikuwa limelifunika. Nilipolazimika kutaja mtu, mita na bili, tatizo likajitokeza lenyewe, na sasa natakiwa kupanda ngazi kwenda kumuuliza mkuu wa mpango: wapangaji tunawafanyaje?

Hapo ndipo ninaposema kwamba mwandishi wa sera si mpiga pasi. Ni mtu wa kwanza kuijaribu sera kama inasimama. Akiandika kwa kitenzi chenye mtendaji, kila penye mtendaji asiyejulikana patamgomea. Akiandika "kutawekwa", "itahakikishwa", "hatua stahiki zitachukuliwa", "mchakato unaendelea", hapatamgomea popote. Atamaliza mapema, ataenda nyumbani, na tatizo litamsubiri karani wa dirishani ambaye hakuandika chochote.

Kuna watu hudhani lugha nyepesi ni ya mambo mepesi. Agosti 1940 Uingereza ilikuwa vitani, ndege za adui ziko angani, na Waziri Mkuu Winston Churchill akapata muda wa kuwaandikia mawaziri na maafisa wake waraka wa ukurasa mmoja kuhusu ufupi. Aliwaambia ripoti zao ni ndefu mno, muda unapotea kutafuta hoja ndani yake. Akataka aya fupi, uchambuzi mrefu wa takwimu uwekwe kwenye kiambatisho, na yale maneno ya kujazia yaondolewe. Hakuyaona hayo kuwa mambo ya kusubiri amani.

Nchi nyingine zimeliweka hili katika sheria. Marekani ilipitisha sheria ya uandishi ulio wazi mwaka 2010, New Zealand ikafuata na yake mwaka 2022. Nafurahi, ingawa sheria haiwezi kumlazimisha mtu aamue jambo ambalo hataki kuliamua.

Tuje kwenye hadithi. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo tunapodanganyana zaidi.

Mkiambiwa "tumieni hadithi", mnafanya nini? Mnakwenda kumtafuta mama mmoja. Mama huyo ana watoto watano, zamani alihangaika, mpango ukaja, leo anatabasamu mbele ya kamera. Tunamjua sote. Tumemwona kwenye kila ripoti ya mwaka, amevaa nguo zake nzuri, amesimama mbele ya mradi. Simbezi mama huyu. Pengine maisha yake yamebadilika kweli. Ila nauliza: jirani yake aliyeomba akakataliwa yuko wapi? Na huyu wa kwenye picha, ni wa kawaida miongoni mwa walionufaika, au ni yule mmoja aliyebahatika? Hadithi ya mtu mmoja ina nguvu sana, na kwa sababu ya nguvu hiyo inaweza kumfanya msomaji aamini kwamba jambo la nadra ndilo la kila siku.

Hadithi ninayoitaka mimi ni ya aina nyingine. Ni masimulizi: nini kimetokea, kwa nini, na kesho itakuwaje. Nitawapa mfano ambao kwangu haujapata mshindani.

Machi 1933. Marekani imo katika mdororo mkubwa wa uchumi. Watu wamepanga foleni kutoa fedha zao, na benki zinaanguka moja baada ya nyingine, kwa sababu hakuna benki inayoweza kumlipa kila mtu siku moja. Rais mpya, Franklin Roosevelt, ameapishwa tarehe 4. Tarehe 6 anafunga benki zote za nchi. Tarehe 9 Bunge linapitisha sheria ya dharura. Na Jumapili usiku, tarehe 12, anaketi mbele ya maikrofoni ya redio.

Angeweza kuwasomea watu ile sheria. Angeweza kusema kwamba serikali inachukua hatua stahiki kurejesha imani katika sekta ya fedha. Hakusema hivyo. Alisema anataka kuzungumza nao kuhusu benki, na hasa na wale wengi ambao kazi yao na benki ni kuweka fedha na kuandika hundi. Akasema atawaeleza kilichofanyika siku chache zilizopita, kwa nini kilifanyika, na hatua zinazofuata. Kisha akaanzia mwanzo kabisa: ukiweka fedha benki, hawaifungii kwenye kasha la chuma. Wanaikopesha, wanaiwekeza, inazunguka. Ndiyo maana wote mkija siku moja haitoshi, hata kama benki ni nzima.

Fikirini idadi ya watu waliosikia jambo hilo kwa mara ya kwanza usiku ule, huku akiba yao yote iko ndani ya hizo benki.

Halafu akawapa ratiba. Jumatatu zinafunguliwa benki zilizopitishwa katika miji 12 yenye benki za Hifadhi ya Shirikisho, yaani benki kuu ya nchi ile. Jumanne, miji mingine mikubwa yenye vituo vya kubadilishana hundi. Jumatano na siku zinazofuata, miji midogo. Na hapa naomba mnisikilize vizuri, maana hapa pana ufundi. Alijua kwamba Jumatatu asubuhi mtu wa mji mdogo atakuta mlango umefungwa, na uvumi utaanza saa hiyohiyo. Kwa hiyo akamwambia mapema: benki yako isipofunguliwa siku ya kwanza, usidhani haitafunguliwa. Aliuzima uvumi kabla haujazaliwa. Akaongeza jambo ambalo washauri wengi wangelifuta kwa kalamu nyekundu: hakuahidi kwamba kila benki itafunguliwa, wala kwamba hakuna mtu atakayepata hasara.

Kesho yake foleni zilikuwepo tena. Safari hii watu walikuwa wanarudisha fedha. Soko la hisa la New York lilipofunguliwa tarehe 15, fahirisi ya Dow Jones, yaani kipimo cha bei za hisa, ilipanda kwa zaidi ya asilimia 15 siku hiyo moja. Mchekeshaji Will Rogers alisema rais amelichukua somo kavu kama la benki na kuwafanya watu wote walielewe, hata wenye benki.

Sasa, msiniambie ni sauti nzuri ya redio. Sauti ilikuwepo, sikatai. Lakini kabla ya sauti kulikuwa na uamuzi. Ipi ifunguliwe Jumatatu, ipi Jumanne, nani anakagua, sheria gani inamruhusu: yote yalishaamuliwa siku zile za kufunga. Mngempa msemaji yuleyule ile "kadiri ya taratibu zitakazoainishwa", angefanya nini nayo? Angekohoa tu.

Mwaka 1973 Tanzania ilipoendesha kampeni ya Mtu ni Afya kwa redio, watu wapatao milioni mbili walikusanyika katika vikundi vya kusikiliza. Kipindi kikiisha redio inazimwa, kikundi kinajadiliana, kisha kinaamua: tunachimba choo, tunafukia madimbwi ya mbu. Mnaona tofauti? Kila masimulizi yalikuwa na kazi mwishoni mwake, kazi ambayo wale waliokaa pale wangeweza kuifanya kwa mikono yao wiki hiyohiyo. Kampeni nyingi siku hizi humalizia kwa "tushirikiane sote". Tushirikiane kufanya nini, ndugu zangu?

Sasa picha.

Mmeona sina slaidi. Si kwamba umeme umekatika. Ni kwamba nataka niwasimulie habari ya slaidi moja. Januari 2003 chombo cha anga cha Marekani, Columbia, kiliporushwa, kipande cha povu la kuzuia joto kilichomoka kwenye tangi la mafuta na kupiga bawa la kushoto. Chombo kikiwa bado angani, wahandisi walifanya tathmini na kuiwasilisha kwa wakubwa kwa slaidi. Juu, kwenye kichwa cha habari, pameandikwa maneno ya kutuliza moyo. Chini kabisa, katika vijimstari vya mwisho, ndipo palipokaa habari yenyewe: majaribio yote yaliyotegemewa yalitumia kipande cha inchi 3 za ujazo, na kile kilichopiga bawa kilikadiriwa kuwa inchi 1,920 za ujazo. Ni mara 640. Maana yake majaribio yale hayakuweza kusema lolote kuhusu tukio hili. Tarehe 1 Februari chombo kilisambaratika kikirudi duniani, na wanaanga wote saba wakafa. Bodi iliyochunguza ajali ilitenga nafasi katika ripoti yake kuichambua slaidi hiyo.

Namba ilikuwepo. Hakuna aliyeificha. Ilikuwa imewekwa tu mahali ambapo mtu aliyechoka hafiki.

Mfano wa pili ni wa karatasi. Uchaguzi wa Marekani wa mwaka 2000, wilaya ya Palm Beach, jimbo la Florida. Orodha ya wagombea urais ilikuwa ndefu, na wapiga kura wengi wa pale ni wazee. Ofisi ya uchaguzi ikawa na nia njema kabisa: herufi ziwe kubwa, wazee wasome. Herufi zilipokuwa kubwa, majina hayakuenea ukurasa mmoja. Wakayagawa kurasa mbili zinazotazamana, kama mabawa ya kipepeo, na matundu ya kutoboa yakapangwa katikati, mstari mmoja.

Jiweke katika kibanda kile. Umekuja kumchagua Al Gore. Unaangalia upande wa kushoto: George W. Bush wa kwanza, Gore wa pili. Unakwenda katikati. Ukihesabu tundu la pili, umetoboa la nani? La Pat Buchanan, mgombea wa chama kidogo, ambaye jina lake liko juu upande wa kulia. Tundu la Gore lilikuwa la tatu. Kulikuwa na mishale, ndiyo, lakini mtu anayehesabu kwa macho hafuati mishale. Wengine waligundua wamekosea wakatoboa tena, na kura ya matundu mawili haihesabiwi.

Buchanan alipata kura 3,407 katika wilaya hiyo, idadi iliyomshangaza hata yeye mwenyewe. Kura zaidi ya 19,000 za urais ziliharibika kwa kutobolewa zaidi ya mara moja. Na jimbo zima la Florida, pamoja na urais wote, liliamuliwa kwa tofauti ya kura 537.

Nimelirudia mara nyingi tukio hili kwa wanafunzi wangu, na kila mara kuna anayesema, "Lakini walitaka kuwasaidia wazee!" Ndiyo. Walitaka. Ila nia njema ya herufi kubwa ilihitaji kitu kimoja zaidi: kumkalisha mzee mmoja, kumpa karatasi ile na kumwambia, "Mchague Gore," kisha kunyamaza na kuangalia mkono wake unakwenda wapi. Wazee kumi wangetosha.

Nisiwaache mkadhani picha ni balaa tu. Muuguzi wa Kiingereza Florence Nightingale aliporudi kutoka vita vya Crimea alikuwa na majedwali ya vifo vya wanajeshi, na alijua wakubwa hawasomi majedwali. Mwaka 1858 akachapisha mchoro wa duara uliogawanywa kwa miezi: bluu kwa vifo vya magonjwa yanayoweza kuzuilika, nyekundu kwa majeraha, nyeusi kwa mengineyo. Ukiutazama, bluu imefurika. Risasi za adui zimebaki katikati, ndogo. Huhitaji kuambiwa kwamba uchafu wa hospitali na kambi uliua kuliko maadui. Kilichoufanya mchoro ule ufanye kazi ni kwamba ulijibu swali moja tu, na swali lenyewe lilikuwa na mwenye kulijibu: wakuu wa jeshi. Siku hizi naona michoro yenye vijipicha kumi na mbili, rangi saba, nembo za wafadhili pande zote, na namba kubwa ambayo haisemi ni ya nini. Mchoraji halaumiwi. Aliletewa ripoti ya kurasa themanini akaambiwa, "Iweke kwenye picha moja."

Na sasa jambo la vitendo, maana najua mwenyekiti anaangalia saa.

Tunapimaje kama tumeeleweka? Wengi wetu huuliza, "Mmeelewa?" Na watu hujibu nini? "Tumeelewa!" Kwa sauti moja. Mtu mzima hapendi kuonekana mjinga mbele ya wenzake, na hasa mbele ya mgeni mwenye beji shingoni. Liacheni swali hilo. Mpe msomaji karatasi, mpe na hali: wewe ni mpangaji, mita mnatumia watu sita, bili hii hapa. Kisha muulize, "Kesho asubuhi utafanya nini?" Akisema "nitakwenda ofisini kuuliza", karatasi yako imeshindwa, imemtuma mtu kwenye foleni badala ya kumwondoa. Akitaja hatua ambayo si yenyewe, andika maneno yake kama alivyoyasema, usimsahihishe. Maneno yake yatakuonyesha alipopotelea. Na fanya hivyo kabla ya kuchapa, wakati kurekebisha bado ni kazi ya kalamu.

Wachoraji, nanyi vilevile. Mwonyeshe mtu mchoro kwa muda mfupi, uufunike, umuulize ameona nini. Akikusifia rangi, rudi mezani.

Dada mmoja pale nyuma aliniuliza wakati wa chai swali ambalo nimeona nilijibu mbele ya wote. Aliniuliza: "Na kama mkubwa anataka iwe na ukungu? Kama pengo limeachwa makusudi, kwa sababu pande mbili hazijakubaliana?"

Ni swali la haki, kwa sababu hutokea. Wakati mwingine sera hupita kwa kuwa kila upande unaweza kuisoma utakavyo, na afisa mawasiliano hana cheo cha kuwapatanisha. Simwambii mtu aende akagombane na katibu mkuu. Ninachoshauri ni kwamba pengo liandikwe kuwa ni pengo. Katika ile karatasi yetu ya maji, andika hivi: "Nyumba zenye wapangaji wengi kwenye mita moja: uamuzi bado haujatolewa. Utatolewa na wizara kabla ya mwezi Juni. Kwa sasa endeleeni kulipa bili kama kawaida." Sentensi tatu. Mpangaji anajua asimame wapi, karani ana la kumjibu, na mkubwa hajaaibishwa. Mpelekee rasimu hiyo. Akikataa mstari wa uamuzi, muulize kwa adabu tarehe gani ingemfaa zaidi. Mara nyingi hapo ndipo anapoinua simu na kuwaita wale wa upande wa pili.

Asanteni kwa kunisikiliza. Kama kuna mwenye rasimu ndani ya mkoba wake, chumba cha pili kiko wazi hadi saa kumi. Njooni nayo tuifanyie kazi.